Nilivyowapandisha Wazee Kilimani kwa Simu Iliyofungwa

Nianze na aibu yenyewe, asije mtu akadhani naficha kitu: mimi ndiye yule kijana wa Ekerenyo aliyewapandisha wazee kumi na mmoja wa Magwagwa juu ya kilima, Alhamisi asubuhi, wakiwa wamevaa makoti yao ya sherehe, wakapige simu kwa kifaa ambacho hakikuweza kupiga simu. Wako watu huko ambao mpaka leo wananiita Bwana Mtandao, nami huitika, maana jina la namna hiyo ukilikataa linakua.

Ilikuwa mwisho kabisa wa miaka ya tisini, simu za mkononi zimeanza kuonekana Kisii mjini kwa watu wenye magari (na hata hao walizishika kama mtu anavyoshika yai). Mimi nilikuwa mchuma chai, nimeishia darasa la nane, na si msemaji. Mtu akinisalimia ghafla, kwanza natafuta mahali pa kuweka mikono. Lakini nilimpenda Moraa wa Magwagwa, na bonasi ya chai ilikuwa imetoka, na mambo hayo mawili yakimkuta kijana kwa wiki moja akili huwa inakwenda likizo.

Simu niliinunua kwa Mama Hansa, Mhindi mzaliwa wa Kisii anayesema Ekegusii, lugha yetu, vizuri kuliko vijana wengi wa mjini. Aliuza saa, redio na betri, na ndani ya kabati la kioo alikuwa na simu moja ya kijivu, bei yake theluthi ya zile nyingine. Hakuniuzia kwa ujanja, lazima niseme hivyo. Alivua miwani akanieleza polepole kwamba simu ile imetoka Ulaya, kampuni ya huko iliiuza rahisi kwa mteja wake na ikaifunga isikubali kadi ya kampuni nyingine yoyote, kwa hiyo hapa kwetu itawaka vizuri lakini haitapiga mpaka ifunguliwe kwa namba za siri, na namba hizo yeye alikuwa ameshaandika barua kuziomba.

"Baada ya wiki tatu zitakuwa zimefika," alisema. "Ulete simu, tuifungue hapa hapa. Usibahatishe namba mwenyewe. Ukikosea mara tano imekufa, haifunguki tena. Umeelewa, kijana?"

Nikasema ndiyo. Na nilielewa, kila neno. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ingekuwa afadhali kama nisingeelewa.

Sasa, kwetu kijana haendi kujitangaza mwenyewe kwa akina binti. Anakwenda esigani, mtu wa katikati anayeaminiwa na pande zote mbili, anakuja kwenu anaangalia boma, anaangalia ng'ombe, anauliza majirani kama mnapigana mkilewa, kisha anapeleka habari alivyoziona. Esigani wetu alikuwa Mama Kwamboka, muuza ndizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Katika maisha yake alikuwa ameunganisha nyumba nyingi na hakuna hata moja iliyorudi kumlalamikia. Watu walisema Kwamboka akikuambia mvua inakuja, wewe toa ndoo nje, usiangalie mawingu.

Alipofika kwetu alihesabu ng'ombe, wakawa sita. Mvua ilipoanza alikataa kwenda, akalala kwetu makusudi aone kama paa linavuja. Asubuhi, akinywa chai, macho yake yakatua juu ya meza.

"Na hii ni nini, mwanangu?"

"Ni simu, mama."

"Inasema?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Jibu la kweli lilikuwa refu, lilikuwa na Ulaya ndani yake, na kampuni, na barua, na wiki tatu, na mimi maneno mengi kama hayo nilikuwa siyatoi hata kwa mwezi. Jibu la uongo lilikuwa neno moja.

"Inasema," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akabeba neno langu mpaka Magwagwa.

Baada ya siku nne habari ikarudi. Mzee Nyakundi, baba yake Moraa, alikuwa amefurahi. Kulikuwa na jambo moja lililomkwamisha: mwanawe mkubwa, Ombati, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Nakuru, na kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio mara nyingi wanaomwoza kaka, kwa hiyo mambo hayawezi kukatwa kabla kaka hajasikia na kukubali. Barua mbili zilikuwa zimetumwa, kimya. Lakini sasa mkwe ana simu, basi aje nayo Alhamisi, na pale kiwandani kuna simu ya ofisi, na Ombati atazungumza mbele ya wazee wote, na siku hiyo hiyo neno liishe.

Ningeweza kwenda kwa Mama Kwamboka jioni ile nikamwambia. Nilitoka nyumbani kweli, nikafika kwenye mlango wake, nikamkuta anamenya ndizi, akaniuliza nimekuja kwa neno gani, nikamwambia nimepita tu kumsalimia. (Alinipa ndizi tatu za kwenda nazo, na nikazila njiani nikijichukia.)

Alhamisi tukafika, mimi na baba yangu mdogo. Mtandao haukufika chini kwenye boma, ila watu wa mjini waliokuja Krismasi walikuwa wamepanda kilima cha nyuma wakapata. Basi wazee wakainuka. Nilidhani watakwenda wawili watatu, lakini mzee gani atabaki nyuma apitwe na jambo kama hilo? Walipanda wote, na fimbo zao, na wake zao nyuma, na majirani waliokuwa wanapalilia wakaacha majembe shambani wakafuata. Mimi ndiye niliyewekwa mbele.

Juu nikaiwasha. Ikawaka, ikapiga mlio mdogo mtamu, watu wakasema "eee." Kisha ikaandika kwamba inataka namba. Nikajua inataka nini, na nikabahatisha. Niliandika mwaka wangu wa kuzaliwa. Ikakataa.

"Inasemaje?" Mzee Nyakundi akauliza.

"Inatafuta njia, baba."

"Njia ya Nakuru ni moja," akasema mzee mmoja. "Ipitie Kericho."

Wakacheka. Nikaandika namba yangu ya kupimia chai, ikakataa. Nikaandika sifuri tupu, ikakataa. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Nikaandika ya nne hata sijui ni nini, ikakataa.

Moraa alitakiwa abaki jikoni, lakini alikuwa amepanda na akina mama. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne. Alisogea, akaangalia kioo cha simu pembeni ya bega langu, akasema chini chini, "Acha. Imefungwa. Inasema imebaki mara moja tu."

Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitazamia. Hakuna aliyeniangalia mimi. Wote walimwangalia Mama Kwamboka.

"Kwamboka," Mzee Nyakundi akasema taratibu. "Ulituambia inasema."

Mama yule akasimama wima. Uso wake haukubadilika, lakini niliona mkono wake umeshika leso kwa nguvu, na nikaelewa kwamba maisha yake yote ya kusema kweli yalikuwa yanavuja pale kilimani kwa ajili ya neno langu moja. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni: mkwe hamtazami baba mkwe machoni wala hapayuki mbele yake. Niliangalia viatu vya mzee. Nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, "Baba, yeye hakudanganya. Mimi nilimdanganya. Simu imefungwa na nilijua tangu dukani."

Nilidhani Mama Kwamboka atashukuru, lakini alisema hivi, mbele ya wote: "Ng'ombe ni sita, niliwahesabu mwenyewe. Paa halivuji, nililala chini yake. Simu sikuijaribu. Niliamini mdomo badala ya macho, na hilo ni kosa langu. Sitasema neno tena juu ya nyumba hii mpaka niisikie simu hiyo kwa masikio yangu."

Akageuka, akatangulia kushuka. Wazee wakamfuata, na hakuna aliyesema neno baya juu yake, wakati ule wala baadaye. Mimi nimeona machifu wakipigiwa saluti, lakini sijaona mtu akiheshimiwa kama yule muuza ndizi akishuka kilima kile.

Namba zilipofika nikarudi kwa Mama Hansa. Nilimweleza yote, mara nne zote. Hakunicheka. Alifunga mlango wa duka, akamwita binti yake amsomee namba kutoka kwenye barua, moja moja, naye akabonyeza, na kila baada ya moja akasimama akahakikisha. Ilichukua dakika nyingi. Ikafunguka.

Tulipanda kilima tena, wachache. Mama Kwamboka alishika simu mwenyewe, akamsikia Ombati, akamwuliza jina la mama yake na la ng'ombe aliyekufa mwaka uliopita, ndipo akampa Mzee Nyakundi. Ombati alikubali. Moraa sasa ni mke wangu, na akitaka kunishinda katika ubishi hunyanyua tu mkono sikioni kama mtu anayetafuta mtandao.

Ila vijana wa Ekerenyo hawajanisamehe. Tangu siku ile Mama Kwamboka akienda kuangalia boma haulizi kitu. Anawasha redio, anamulika tochi, anakalia kila kiti, na juzi nimesikia alimfanya kijana mmoja apande baiskeli yake kuzunguka boma mara tatu, mvua ikinyesha, ili aone kama breki zinashika. Mimi nimeapa: nikiulizwa kama kitu kinafanya kazi, hata kama jibu lina Ulaya ndani yake, nitalitoa lote.