Rozela Kabla ya Kipimo

Dada yangu mkubwa aliamini kwamba damu ikipimwa ikaonekana ndogo, anayeaibika ni mpishi wa mgonjwa. Yeye ndiye anayeishi na mama Butiama. Mimi nauza vipuri vya injini za mitumbwi Mwigobero, Musoma, na jioni hujisomea vitabu vya tiba. Mama alipotakiwa kupimwa tena wingi wa damu katika zahanati moja ya Kiabakari, dada alimnywesha asubuhi hiyohiyo juisi ya rozela, ile nyekundu inayosemwa huongeza damu, yenye sukari nyingi. Nyingine akaibeba kwenye chupa. Mama aliinywa kwenye foleni, ikimchuruzika vidoleni.

Damu haiongezeki kwa asubuhi moja. Sukari huongezeka kwa nusu saa. Mama alitobolewa kidole kinachonata kwa rozela, na kipimo cha sukari, ambacho pale hufanyiwa kila mzee, kikasoma juu sana. Mhudumu aliuliza kama mgonjwa amekula. Dada akajibu hajala, maana kwetu mtu asiyegusa ugali hajala. Wakaambiwa warudi kesho yake, mama akiwa hajaonja hata chai, ndipo ijulikane kama kweli ana kisukari.

Hawakurudi. Dada alikuwa ameshapata jibu lake. Alimwendea mwenzake wa kwaya anayeugua kisukari, akagawiwa vidonge, akawa anampa mama asubuhi na jioni huku akimnyima uji, viazi na ndizi. Haya yote alinieleza mwenyewe baadaye kwa simu, kwa kujisifu.

Nilipofika Butiama kesho yake, mama alikuwa ameegemea ukuta, gauni limelowa jasho, mikono inatetemeka. Aliniita baba, akidhani mimi ni marehemu baba yake. Dada alikuwa ameshika kidonge na kikombe cha maji.

"Sukari imempanda tena," alisema. "Anakuwaga hivi asubuhi."

"Usimpe. Tumpime kwanza."

"Umeanza, daktari wa simu! Umejisomea vitabu vyako chumbani, sasa unakuja kutufundisha sisi tunaomwogesha?"

Nilikuwa nimekuja na kipima sukari. Niliosha kidole cha mama kwa sabuni, nikakikausha, nikatoboa. Mbili nukta tatu. Chini ya nne tayari ni hatari. Nilimweleza dada kwamba vidonge vile kazi yake ni kushusha sukari, na kwamba mtu asiye na kisukari, tena asiyelishwa, hushushwa mpaka ubongo unakosa nguvu ya kufanya kazi. Nikaomba sukari.

Dada alikwenda akakalia ndoo ya sukari.

"Sukari kwa mgonjwa wa sukari! Akifa, ukoo mzima nitauambia ni wewe."

"Waambie. Toka hapo."

"Sitoki."

Nilimsukuma. Alianguka upande, akatoka nje akiwapigia kelele majirani kwamba namuua mama. Nikakoroga maji ya sukari, nikamnywesha mama kidogo kidogo. Baada ya robo saa nikampima tena. Ilikuwa imepita nne. Mama akanitazama vizuri.

"Huyo nje anamlilia nani?"

Siku hiyohiyo nilimpeleka hospitali Bunda, kwa sababu vidonge vile huendelea kushusha sukari hata baada ya mgonjwa kurudiwa na fahamu. Walimlaza. Dada alikuja nyuma yetu kwa bodaboda. Vidonge vilipokwisha kutoka mwilini, mama alipimwa asubuhi kabla ya kula, damu ikichukuliwa mshipani. Sukari ilikuwa ya kawaida kabisa. Hakuwa na kisukari, na hakuwahi kuwa nacho.

Nilimsomea dada jibu hilo pembeni ya kitanda, polepole, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Si unaona?" alisema. "Vidonge vyangu vimemponya."

Nilimwambia dada kwamba mama hatarudi Butiama.

"Mchukue," alisema, akimfunga mama khanga kichwani kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Tuone nani atamwogesha. Utaogesha na kitabu?"

Sasa mama anaishi kwangu. Mke wangu ndiye anayemwogesha. Dada hupiga simu kila Jumapili, na nikipokea mimi, anakata.