Hali Ni Shwari, Ingiza Mbuzi

Nilipotumwa Beni kufanya stage, yaani mafunzo ya kazi, ya relations publiques, nilinunua viatu vya kisigino. Nilikuwa mwanafunzi wa mawasiliano kutoka Butembo, na niliamini kazi hiyo ni kutabasamu na kukaribisha wageni. Vita vilikuwa vimetupitia mara kadhaa, na eneo letu lilikuwa mikononi mwa waasi waliojiita serikali. Ofisi yao ya mahusiano na umma ilikuwa chumba kimoja chenye meza, bendera na bosi wangu, mwanaume mpole aliyefunga tai hata jua likiwaka vipi.

Somo la kwanza alinipa kabla sijakaa.

"Mademoiselle, hapa hatusemake vita. Tunasemaka harakati. Masasi ikilia, ni mazoezi. Batu bakikimbia, banaenda kusalimia ndugu."

Kila mchana alisoma tangazo redioni, na kila tangazo lilianza hivi: hali ni shwari. Siku aliyoniachia niandike mimi, nilikimbilia mtaa wa Mulekera kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu aliyenipa malazi, ili nimwone akisikiliza maneno yangu. Redio ikasema: hali ni shwari kabisa. Mama mdogo akatupa mwiko.

"Banasema iko shwari kabisa! Ingiza mbuzi! Batoto, muingie mu nyumba!"

Jirani naye alikuwa ameshafunga duka. Niliudhika sana, maana sentensi ile nilikuwa nimeitolea jasho. Mama mdogo akanieleza, huku akimvuta mbuzi kwa pembe, kwamba watu wote husikiliza hivyo, Beni hadi Butembo. Redio ikisema shwari, usiende mbali. Ikisema shwari kabisa, usivuke daraja. Ikikuhimiza uendelee na shughuli zako bila wasiwasi, siku hiyo hata dereva mwenye roho ya chuma hatoki. Redio ikipiga muziki tu bila tangazo, ndipo watu husafiri.

"Kwenu ku bureau munasaidiaka batu sana," akasema, wala hakuwa akinitania.

Baadaye kidogo, masasi, yaani risasi, yakaanza kulia asubuhi moja kwenye barabara ya Butembo. Mama yangu alikuwa ameahidi kuja kesho yake kwa lori, na magunia ya viazi vya Masereka. Simu hatukuwa nazo, na phonie, ile redio ya upepo ya wafanyabiashara, ilikuwa imebebwa na askari. Nilikuwa na redio tu. Nikakimbilia ofisini, viatu mkononi, niandike tangazo lenye shwari nyingi kadiri karatasi inavyoweza kubeba.

Nikakuta bosi ameshaandika lake. Wageni fulani walikuwa wamepita kutoa semina juu ya ukweli katika mawasiliano, wakampa kofia na cheti, na semina ilikuwa imemwingia.

"Leo tutasema ukweli," akasema, macho yaking'aa. "Barabara iko na vita. Batu bakae ku nyumba."

 Akisoma vile, Butembo nzima ingepakia malori, na mama yangu angekaa juu ya viazi vyake akiimba. Nikalia palepale, mbele ya bendera.

"Chef, hapana kusema ukweli! Mama yangu iko anakuya kesho!"

Nikamweleza yote, pamoja na habari za mbuzi. Nilidhani atanifukuza. Akaketi, akalegeza tai.

"Kumbe," akasema polepole. "Bibi yangu, mama ya batoto bangu, kila nikianza kusoma mu redio, anafungaka madirisha. Miye nilizania ni juu ya vumbi."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mzima yeyote. Akachana karatasi yake, akanisogezea nyingine. Masasi yakalia karibu, tukaingia chini ya meza, nikaandikia humo: hali ni shwari kabisa, shwari kuliko jana, na wananchi waendelee na shughuli zao bila wasiwasi wowote. Akavuka ua hadi studio ameinama, akaisoma kwa sauti tamu ambayo sijapata kuisikia.

Nilisubiri mpaka barabara ilipotulia kweli na redio ikapiga muziki kutwa. Siku hiyo lori liliingia, na mama akaja moja kwa moja ofisini, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshasikia redio siku ile ya masasi, akashusha magunia yake yote, na jirani zake pia. Akamnyenyekea bosi wangu, akamsogezea gunia la viazi.

"Wasingya, papa, asante sana. Weye unadanganyaka muzuri."

Bosi alilipokea kwa mikono miwili. Mama alipotoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, kama ile ilikuwa sifa. Nikamwambia ndiyo. Katika ofisi ile, huo ndio ukweli wa kwanza niliousema kuhusu kazi yetu.