Neno Nililofundisha Stesheni

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kiingereza, kule Mutoshi, Kolwezi, prefe, yaani mkuu wa shule, alinisikia nikitafsiri kila neno kwa Kifaransa. Akaniita nje. "Tata, usitafusiri. Fanya neno na mikono, batoto baone." Nilimwona mkorofi. Nilipohamishiwa Manika nikawa mkorofi kuliko yeye, na wanafunzi wangu waliruka, walilia na kujitupa sakafuni kwa ajili ya vitenzi tu.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzwa Katanga sisi wenye asili ya Kasai. Baba yangu aliletwa kuchimba shaba, mimi nimezaliwa Kolwezi, lakini tulilala stesheni chini ya maturubai tukingoja treni. Mwanafunzi wangu Mbuyi alikuwa pale na mama yake. Mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Treni ingeutangulia, masomo yake yote yangekwenda bure. Nikaanza kumfundisha palepale, kati ya masanduku. Asubuhi moja akaja Ngoie, msichana wa Kikatanga aliyekaa naye dawati moja. Kesho yake wakaja wengine. Sijawahi kupenda darasa kama lile.

Siku moja tukafika kwenye neno manumit, kumpa mtumwa uhuru. Niliwaeleza kuwa Waingereza walilitoa kwenye Kilatini: manus ni mkono, mittere ni kuachilia. Bwana wa Kirumi alimshika mtumwa mbele ya hakimu, akamgeuza, akamwachilia, na mtu yule akawa huru.

"Ngoie ni bwana, Mbuyi ni mtumwa. Fanyeni."

Ngoie akamshika mwenzake mkono, akamgeuza. Tukangoja.

"Haya, achilia," nikasema.

"Nakatala, tata prof. Nikimuachilia, treni itamubeba."

Nilitaka kumkaripia, nikageuka kando. Nyuma yetu alikuwa amesimama mama yake Ngoie, aliyekuja na hasira kumrudisha bintiye nyumbani. Hasira zilimwisha. Akamgeukia mama yake Mbuyi.

"Mama, mutoto abakie kwangu mupaka examen."

"Na kama banakuya kumutafuta?"

"Batanikuta mi ku mulango."

Mama Mbuyi alilia sana, kisha akamfungia binti yake nguo ndani ya kitenge.

Treni ilitubeba mimi na mama huyo kabla ya mtihani. Nilifundisha Mwene-Ditu, kule Kasai, hadi pensheni, ndipo nikarudi Kolwezi. Mbuyi alifaulu, leo ni mwalimu wa Kiingereza Manika. Walimu vijana huniuliza kama neno lile lilitoka kwenye mtihani. Halikutoka. Na kwa zoezi lenyewe, Ngoie angestahili sifuri, maana hakulifanya. Lakini maana ya uhuru, mimi nilifundishwa na yeye, alipokataa kuuachilia mkono ule.