Lenzi Katika Jani la Mgomba

Jamaldin ana lenzi nyingi kuliko visu, na kazi yake ni kuuza nyama. Bucha yake iko Majengo, mjini Meru, pale pale ambapo babake alikuwa na bucha na babu yake aliuza matumbo kwenye ndoo. Ukiingia utamkuta amevaa koti jeupe lililokwisha kata tamaa ya kuwa jeupe, na shingoni ananing'iniza kidude cha chuma chenye kioo, kidogo kama kiberiti. Wateja wapya hudhani ni kifaa cha kupimia joto la nyama. Ni kidirisha cha kutazamia, cha kuchomeka juu ya kamera ambayo hajawahi kuimiliki.

Nimenunua nyama kwake tangu nilipohamia Kaaga kufundisha, na sijui mtu mwingine aliyependa kitu kwa bidii hivyo kikamrudishia kidogo hivyo. Sisemi kwa kumcheka. Wengi wetu hatukupata hata hicho cha kupenda.

Kamera aliyo nayo ni moja tu, ya Kirusi, aliyoiokota soko la Gakoromone chini ya rundo la viatu vya mitumba. Ni ya aina ile ya zamani ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilicho pembeni, na humo ndani unamwona mtu mara mbili: mtu mwenyewe, na mwenzake aliyepauka kama mzimu. Unazungusha lenzi polepole hadi mzimu uingie ndani ya mtu, ndipo unapiga. Jamaldin huwapiga picha wateja wakisubiri mfupa wao ukatwe. Kisu hukibana kwapani, kamera huileta jichoni, kisha husema, "Usitingishike." Watu hutii kuliko wanavyotii msikitini au kanisani.

Filamu huziweka kwenye friza katikati ya maini na figo, kwa kuwa baridi huzitunza. Lenzi huzifukia nyumbani ndani ya pipa la mchele, kwa kuwa mchele hunyonya unyevu. Mkewe, Aminah, alipakua moja kwenye pilau siku ya Idi, mbele ya dada zake wote.

"Ilikuwa imeiva vizuri," Jamaldin alinieleza. "Lakini ile siku nililala kwa mamangu."

Tangu hapo Aminah amejitwalia kofia moja ya lenzi, ile ya chuma ya kuzuia jua, na anakatia biskuti. Husema ndicho kitu pekee katika takataka zile zote kilichowahi kulisha mtu. Lakini lililomkera zaidi halikuwa lenzi kwenye pilau. Katika ndoa yao yote, mumewe hakuwahi kumpiga picha hata moja aliyoikubali. Ile lenzi ya Kirusi ni kali, haifichi kitu.

"Amenipiga kama anayehesabu mbavu za mbuzi," Aminah aliniambia. "Mikunjo yote iko. Hata ile ambayo bado haijafika."

Jumamosi moja nilimkuta Jamaldin akitazama simu badala ya nyama. Alinionyesha lenzi ya Kijerumani ya kabla ya vita, fupi, ya rangi ya fedha iliyopauka. Akisema juu ya lenzi hiyo sauti yake ilishuka, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

"Hii nikiipata, mwalimu, sitatafuta nyingine tena."

"Baba ana kitu kama hicho," nilisema.

"Usinitanie nimeshika kisu."

"Ni kioo tu, chenye pete ya chuma. Anatolea miiba mguuni."

"Anatolea nini?"

Baba yangu, Mzee Kobia, aliishi Kiirua. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye shamba la ngano la Mzungu mmoja upande wa Timau. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia mbwa na lenzi. Mbwa alikufa kwanza. Baadaye Baba alichuuza miraa kwa miaka mingi, na miraa ikamfundisha jambo moja ambalo hakuna mtu angeweza kumtoa kichwani: kitu cha thamani hufungwa kwa jani la mgomba, na jani hubadilishwa kabla halijakauka. Miraa ikikauka ni kuni. Basi lenzi nayo aliifunga kwa jani bichi, akaikaza kwa uzi wa mgomba kama kibunda cha kwenda sokoni, na kila wiki alitafutiwa jani jipya kutoka mabondeni, maana Kiirua ni baridi na migomba ya huko huota kwa huzuni. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni dawa.

Nilimpeleka Jamaldin. Alimsalimu Baba kwa Kimeru safi, cha kutembea nacho hadi Igembe. Baba akamjibu kwa Kiswahili, kwa makusudi.

"Karibu, Mswahili."

"Mimi ni Mmeru, mzee wangu. Nimezaliwa hapo Majengo, na babangu pia."

"Hata paka anaweza kuzaliwa kanisani. Hatumwiti mchungaji."

Jamaldin alicheka, akaketi. Baba alifungua jani. Mchinjaji, ambaye hutenganisha bega la ng'ombe huku akizungumzia mpira, aliipokea lenzi kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto wa siku moja.

"Niuzie, mzee."

"Haiuzwi." Baba aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambulisho chake na kukiweka mezani. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Huyu ni mwizi wa mbuzi. Nikifa, Thuranira, mwanangu wa kwanza, atampeleka huyu kwa watu wa kuchapisha vijitabu vya mazishi. Watu watakaa chini ya hema wakimtazama mwizi huku wakila mchele wangu." Alisukuma kitambulisho upande. "Nipige picha ya kuweka juu ya jeneza. Uipige kwa kioo changu mwenyewe, kimenijua tangu ujana. Anayeiona ajue ni Kobia. Nikiikubali, kioo ni chako."

Jamaldin alikubali kabla Baba hajamaliza.

Baba alivaa suti, akaketi mbele ya nyumba kama waziri anayesubiri kuapishwa. Jamaldin alifunga lenzi kwenye kamera. Ikaingia kama iliyotengenezewa hapo. Kisha akatoa mfukoni kifuniko kidogo cha shaba. Alikuwa amekaa nacho miaka mingi, kifuniko kisicho na lenzi, amekijaribu kwa kila alichonunua kisikubali. Alikiweka. Kikakaa. Alinigeukia na macho yamemlowa.

"Umeona, mwalimu? Kimempata mwenyewe."

Halafu akapiga filamu nzima bila kukitoa. Kamera hizo hazikuambii. Kidirisha kiko kwake, lenzi iko kwake. Alimwona Baba vizuri, mzimu ukaingia ndani ya mtu kila mara, na kifuniko kikakaa pale pale, kimefurahi.

Filamu zake husafishwa na Runji, fundi wa maabara aliyestaafu anayeishi mtaa wa Dallas kule Embu. Runji hufanyia kazi hiyo bafuni, jambo ambalo limewafundisha watoto wake kuoga haraka. Alipiga simu nikiwa buchani, na Jamaldin akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

"Jamaldin, umenitumia usiku."

"Usiku vipi?"

"Usiku mtupu. Hata nyota hakuna."

Jamaldin alikaa juu ya gogo la kukatia nyama. Mteja aliyekuwa akisubiri nusu kilo alimpa pole, akidhani amefiwa.

Jamaldin aliporudi Kiirua, Baba alikuwa ameanza kukohoa kifua kile ambacho hakikumwacha tena. Alikataa suti, alisema ameshaivaa bure mara moja. Jamaldin alikagua lenzi mbele, akaikagua tena, akamwomba hata mpita njia aikague, kisha akapiga. Safari hii Runji hakusema kitu kwenye simu ila, "Njoo uone."

Ilikuwa picha nzuri kupita kiasi. Mwanga ulimzunguka Baba kichwani na mabegani, ukalainisha taya, ukafuta mikunjo ya kipaji cha uso. Nilipoitazama nilitamani ningekuwa na baba huyo.

Baba aliishika mbali, akaileta karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Huyu amesamehe watu."

"Si ni vizuri kusamehe?"

"Ni vizuri kwa waliokosewa kidogo." Aliirudisha. "Wakiona huyu hawatalia, watamwomba awaombee. Peleka."

Jamaldin hakubisha. Aliitoa lenzi kwenye kamera, akaielekeza kwenye jua, akachungulia. Kisha akanipa mimi, nikachungulia. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, zimetambaa kama mizizi ya mmea uliotafuta maji ukayapata.

"Ni kuvu," alisema taratibu. "Inaota palipo na unyevu. Ni haya majani, mzee."

Baba alilitazama lile jani. Ng'ombe wa jirani ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo nilikuwa nakimwagilia maji."

"Ulikuwa unakitunza. Lakini ndiyo, ulikuwa unakimwagilia."

"Miraa haijawahi kulalamika."

"Nikisafisha, mzee?"

Wakakubaliana asafishe pale pale mezani, Baba akilinda. Nyuzi nyingine zilitoka, nyingine zilikuwa zimeshaula uso wa kioo, na palipoliwa hapakurudi. Kioo cha Baba kingempiga kila mtu kama mtakatifu hadi mwisho wa dunia.

Siku zile Baba alikuwa akipungua. Runji alimshauri Jamaldin kwa simu: apige kwa lenzi ya Kirusi, aseme ni ya Kijerumani. "Mzee wa miaka themanini na kitu atajuaje? Zote ni mviringo." Jamaldin aliniambia maneno hayo akikwepa macho yangu, na mimi sikumkataza. Nilitaka picha. Yeye alitaka lenzi. Baba alikuwa anakohoa.

Akaenda, akamketisha Baba kwenye kigoda nje ya jikoni, akamgeuzia mgongo kidogo, akabadilisha lenzi, akapiga. Baada ya siku chache alimletea. Humo alikuwamo Kobia mzima: jicho moja dogo kuliko lenzake, mdomo uliobana neno baya ukisubiri mtu anayelistahili, kila mkunjo mahali pake.

Baba aliitazama hadi chai yake ikapoa.

"Huyu," alisema, "hata mimi namwogopa."

Akachukua kibunda cha jani la mgomba, akakisukuma juu ya meza hadi upande wa Jamaldin. Nilimwona Jamaldin akinyoosha mkono. Vidole vilifika kwenye jani. Kisha akaurudisha mkono, akaukalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

"Mzee wangu, hii sikuipiga kwa kioo chako. Nilipiga kwa cha Kirusi."

"Najua. Nilikuona ukibadilisha. Ulikuwa kama mtu anayetoa yai chini ya kuku wa jirani."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka kujua mwizi wa mbuzi ni nani kati yetu."

Jamaldin alitazama chini. Baba alikivuta kibunda kikarudi upande wake.

"Si wewe," alisema. "Lakini tulipatana kwa kioo changu. Picha nachukua. Kioo kinabaki."

Jamaldin alirudi Majengo mikono mitupu na kumsimulia mkewe. Aminah alicheka hadi akaketi sakafuni, kisha akamwekea chakula kizuri kuliko kawaida, bila maelezo.

Baba alifariki kwenye baridi ya Julai. Thuranira alichapisha ile picha ukurasa wa mbele, na chini ya hema watu walikaa wima. Shangazi mmoja alikigeuza kijitabu kifudifudi ndipo akaweza kula. Jamaldin alileta nyama ya mazishi, akakata mwenyewe, na kaburini alilia kuliko wana wa marehemu, hadi wazee wakaniuliza kwa kunong'ona ni mtoto wa mama gani.

Siku moja kabla hajafariki, Baba alikuwa ameniambia maneno machache kwa Kimeru. Kifua hakikumruhusu mengi.

"Kile kioo, Kananu. Mpe yule Mmeru wa Majengo."

Nilikikuta chini ya mto wake. Jani lilikuwa bichi. Baada ya yote aliyoambiwa, alikuwa amelibadilisha.

Nilimpelekea Jamaldin buchani. Alikaa nacho juu ya gogo la nyama, akafungua uzi wa mgomba bila kuukata. Nilimwambia jinsi Baba alivyomwita, na hapo akajipangusa uso kwa lile koti, jambo ambalo singemshauri mtu.

Picha ya kwanza aliyopiga kwa lenzi hiyo ilikuwa ya Aminah akikata biskuti karibu na dirisha, amekunja mikono ya nguo, unga hadi kwenye viwiko. Nilikuwapo Runji alipoituma. Kuvu ilikuwa imefanya kazi yake: mwanga ulimwagika shavuni, nywele zilizochomoza chini ya mtandio zilikuwa kama zimewashwa, na hakuna mbavu ya mbuzi iliyohesabika.

Aminah aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Aliitazama, akamtazama mumewe, akaitazama tena.

"Mwanamke huyu amekusamehe," alisema. "Mimi bado."

Kisha akauliza kama kuna msumari.