Mtu wa Kutangulia Gari

Pale palipokuwa na kiwanja chetu cha kupuria wimbi, yaani ulezi, sasa pamemea nyasi za kawaida, na mtu akipita hawezi kujua. Mimi najua kwa sababu nilipakandika kwa mikono yangu, mavuno baada ya mavuno, kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na majivu, mpaka pakawa pagumu na laini kama sakafu ya kanisa. Wimbi halipurwi kwenye udongo mtupu. Mchanga ukiingia katika unga, hakuna chekeche la kuutoa.

Boma letu liko upande wa Malaba, chini kidogo ya barabara inayokwenda mpakani. Niliolewa hapo mwanzoni mwa miaka ya sitini, nikiwa nimesoma mpaka darasa la nne. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka ambao uhuru ulipatikana alimzika mama yake mbele ya nyumba, kama tunavyozika sisi, na kila asubuhi kabla ya kufungua ng'ombe alikuwa anapita pale kung'oa majani yaliyoota juu ya kaburi. Alikuwa anang'oa tu, anayatupa, anaenda zake.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu nimemzika na yeye, kando ya mama yake, na watoto wameniuliza kwa nini siku tulipomleta nyumbani nilishuka kwenye gari nikatembea kwa miguu. Niliwaambia nitawaeleza. Jambo lenyewe lilianza na kosa langu.

Barabara wakati ule ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu bila lami, na pale inapoteremka kwenye kijito kulikuwa na udongo mweusi. Mvua ikinyesha, malori yalizama hapo mpaka ekseli. Alasiri moja ya masika nilikuwa naanua wimbi haraka kabla halijalowa, nikasikia gari linanguruma karibu sana. Ilikuwa Landrova fupi ya turubai, imesimama kwenye ukingo wa shamba letu. Dereva alikuwa peke yake. Alishuka, viatu ameshika mkononi.

"Hodi, mama. Hii barabara imenikataa."

"Imewakataa wengi," nikamwambia.

"Huku chini hakuna pa kupitia? Kuna wanunuzi wa pamba wananingoja Malaba tangu asubuhi. Nikichelewa leo, kesho mimi si dereva tena."

Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Ningeweza kumwambia huyo mtu angoje. Lakini nitasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Hakuna gari lililokuwa limewahi kuingia bomani kwetu. Shemeji zangu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wakijisifu kwamba gari la daktari wa mifugo liliwahi kugeuzia kwao, na mimi nilikuwa nimeyasikia majivuno hayo mara nyingi mno.

Nikachukua jembe, nikatangulia. Nilitembea mbele ya lile gari katika mvua, nikigonga ardhi kwa mpini kuona kama ni ngumu. Nilikizunguka kiwanja cha wimbi kwa mbali, nikapita nyuma ya kaburi, kando ya mihogo, nikamtokeza kwenye malisho ya kijiji, mahali ambapo ardhi ina kokoto mpaka barabarani. Gari lilinifuata polepole kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Mwisho dereva alinipa kipande cha sabuni ya mche, akasema Mungu akuzidishie, mama.

Mvua ilifuta alama za magurudumu kabla ya jioni. Mume wangu alipoiona ile sabuni akaniuliza imetoka wapi, nikasema nimepewa. Hakuuliza na nani. Nami nikanyamaza. Si kwamba nilimwogopa. Nilitaka tu kukaa nalo kidogo lile jambo, liwe langu, na siku zikapita, nikaona nimechelewa kulisema.

Madereva hukutana kwenye vibanda vya chai kule mpakani, na neno la njia haliwezi kukaa kwa mtu mmoja. Wiki iliyofuata yalipita malori mawili. Kisha matano. Kiangazi kilifika, barabara ikakauka, bado wakawa wanapita kwetu kwa sababu ilikuwa karibu zaidi. Hawakuzunguka kama mimi nilivyozunguka. Walikata moja kwa moja, juu ya kiwanja cha wimbi. Kule kwenye malisho, ambayo hayakuwa ya mtu mmoja bali ya kijiji kizima, waliyageuza uwanja wa mchezo. Siku moja wawili walishindana nani atafika kwanza kwenye josho, wakavunja mguu wa ndama wa jirani. Ndama akachinjwa siku hiyohiyo. Wao hawakusimama hata kuangalia.

Mimi nilikandika upya kiwanja, kikapasuka. Nikakandika tena, kikapasuka. Siku moja tukiwa tunakula, mume wangu alitafuna mara mbili, akaacha, akaweka tonge chini.

"Leo tunakula barabara," alisema.

Nilicheka. Baadaye nilienda nyuma ya jiko na sikucheka.

Alijaribu kuwazuia. Nilimwona kwa macho yangu amesimama katikati ya alama za magurudumu, mikono juu, na lori limesimama hatua chache mbele yake. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, toka. Barabara ni ya serikali."

"Hii si barabara."

"Itakuwa," dereva akasema, akazunguka kwenye mihogo.

Neno hilo ndilo lililomwondolea mume wangu usingizi. Miezi hiyo kamati ya mashamba ilikuwa inapima ardhi. Walikuwa wamekwisha kumaliza upande wa Moding, wanapanda mikonge kwenye mipaka, na kwetu wangefika baada ya mavuno. Na desturi ya kwetu ni hii: watu wakipita mahali na mwenyewe akiwaruhusu, njia hiyo inakuwa ya watu, na hakuna awezaye kuifunga. Kama kamati ingekuta njia ya magari iliyotolewa na mwenyewe, ingeiandika kwenye karatasi kuwa barabara. Ingekata shamba letu vipande viwili. Na alama za magurudumu zilikuwa zimekwisha kufika hatua nne kutoka kwa mama yake.

Malalamiko yalikuwa mengi kijijini, si yetu tu. Chifu akaita baraza hapo kwenye josho la ng'ombe, akaagiza madereva waje. Watatu walikuja. Mmoja alikuwa yule wa Landrova.

Asubuhi ya siku hiyo mume wangu alikuwa ananoa panga, akaniambia bila kuinua kichwa, "Nitasema hakuna mtu wa boma langu aliyewapa ruhusa. Hilo likishikwa, njia imekufa."

Nilikuwa nimebeba maji. Nikasema, "Sawa." Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuuweka mtungi chini nikamwambia.

Wanaume walikaa kwenye ukuta wa josho, sisi wanawake chini upande wa pili. Mume wangu alisimama, akavua kofia, akasema maneno yake. Hakuna mtu wa boma lake aliyewahi kuruhusu gari. Waliingia kama wezi. Watu wakaitikia kwamba ni kweli.

Ndipo yule dereva aliposimama. Hakuwa na hasira.

"Mimi wazee siwezi kusema juu ya hawa wengine. Lakini mimi sikuingia kama mwizi. Nilionyeshwa njia."

"Na nani? Na ng'ombe?" mtu mmoja akauliza, na baraza lote likacheka.

"Na mama mmoja."

"Mama yupi?"

Dereva aliangalia upande wetu. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alishusha macho chini haraka, akasema, "Sikumbuki sura. Ilikuwa mvua."

"Ni mwongo huyo," mume wangu akasema. "Anataka kunipokonya shamba kwa mdomo."

Nikifikiria sasa, ingetosha nikae tu. Dereva alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Shamba lingepona, mume wangu angebaki mtu mkweli mbele ya kijiji, na mimi ningeendelea kupika. Lakini mtu mgeni alikuwa amesimama pale anaitwa mwongo kwa sababu yangu, na alikuwa ameukubali uongo huo ili anifiche. Nikasimama.

"Si mwongo," nilisema. "Ni mimi."

Nikasikia maji ya dawa yanadondoka kwenye josho. Mume wangu hakugeuka kuniangalia. Alikuwa bado ameshika kofia yake, akawa anaizungusha mkononi, anaizungusha.

Chifu akaniuliza, "Ulimruhusu?"

"Nilimwonyesha pa kupita. Mara moja. Barabara ilikuwa imemkataa."

Mzee mmoja wa kamati ya mashamba akapumua kwa nguvu. "Basi njia imetolewa na mwenyewe. Tufanye nini tena?"

Hapo ndipo shangazi ya mume wangu alipofungua mdomo. Alikuwa mama mzee wa boma la jirani, anayepika ajon, pombe ya wimbi, na kiwanja chake cha wimbi kilikuwa kimekanyagwa kama changu. Mdomo wake ulikuwa unaogopwa kuliko panga.

"Wewe mke wetu," aliniita, "siku hiyo ulisimama mlangoni ukanyoosha kidole tu?"

"Hapana, mama. Nilitangulia."

"Ulitangulia na nini?"

"Na jembe. Nilikuwa nagonga chini."

"Na yeye?"

"Alinifuata nyuma."

"Alikanyaga wimbi?"

"Hakukanyaga. Nilimzungusha."

Yule mama akawageukia wanaume. "Sasa nyinyi. Mgeni akija kwenu giza limeingia, si mnamtangulia mpaka kwenye kitanda? Akiamka asubuhi kitanda ni chake? Huyu dereva alitanguliwa. Ni mgeni. Hawa wengine walitanguliwa na nani?" Akawaelekea wale madereva wawili. "Wewe mwenye tumbo, nani alikutangulia siku uliyokanyaga wimbi langu?"

Mwenye tumbo akasema hapakuwa na mtu nje.

"Kwa hiyo ulijitangulia mwenyewe. Tumbo lilikuwa mbele."

Baraza lilicheka kwa muda mrefu, hata chifu. Lakini alipomaliza kucheka alifungua daftari, akaandika, kisha akatusomea. Gari lisitoke barabarani kuingia shamba la mtu au malisho ya kijiji isipokuwa mtu wa hapo anatembea mbele yake kwa miguu. Likitanguliwa ni mgeni, na alama zake si njia. Lisipotanguliwa, dereva atalipa alichoharibu na gari litakaa kwa chifu mpaka alipe. Mzee wa kamati alifikiri kidogo akasema hayo wanaweza kuyakubali, kwamba gari lenye mtu anayetembea mbele yake halina haraka ya kutengeneza barabara.

Shamba likapona hivyo. Kamati ilipofika haikuandika kitu pale ila njia ya miguu ya kwenda kijitoni.

Mume wangu siku ile alirudi nyumbani mbele yangu, mbali, na sikuharakisha kumfikia. Siku nyingi hakuniambia neno zaidi ya yale ya lazima, maji, chumvi, ng'ombe. Hakunipiga wala hakunitukana. Nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu, na kwake hilo lilikuwa zito kuliko shamba. Niliomba msamaha mara moja. Akasema, "Ungeniambia asubuhi." Ni kweli.

Kisha mvua zikarudi. Tukiwa tunapura wimbi, mimi na yeye, tukasikia honi huko juu, fupi, ya adabu. Lori lilikuwa limesimama ukingoni na dereva wake ameshuka, anangoja. Mume wangu aliweka fimbo ya kupuria chini. Alichukua jembe, akaligeuza, akanikabidhi mpini.

"Nenda," akasema. "Wewe ndiye unayejua njia."

Nilienda. Niliporudi nimelowa, alikuwa ameniwekea maji ya moto.

Baadaye kazi ile akaichukua yeye, na nadhani aliipenda. Alikuwa anatembea taratibu kupita kiasi, hasa kwenye malisho, na akiona dereva ana haraka anasimama kabisa kuangalia ndege. Madereva wakamwita Trafiki. "Trafiki, songa basi," walikuwa wanamwambia, "tutafika Malaba tukiwa na mvi." Yeye alikuwa anajibu, "Mvi ni nzuri," na anaendelea kwa mwendo wake. Akifika karibu na kaburi la mama yake anazunguka mbali zaidi ya nilivyozunguka mimi. Lami ilipokuja, miaka mingi baadaye, magari yakaacha kututafuta, na siku ya mvua alikuwa anasimama mlangoni akisikiliza.

Alifia hospitalini Busia. Gari lililomleta lilikuwa pikapu ya kukodi, na dereva wake kijana asiyetufahamu. Nilikaa mbele pamoja naye. Tulipoacha lami alikuwa anataka kushuka moja kwa moja mpaka mlangoni, maana watu walikuwa wengi na jua kali. Nikamwambia asimame. Nikafungua mlango, nikashuka na mkongojo wangu.

"Nyanya, kaa tu, tumefika," aliniambia.

"Nifuate nyuma," nikasema.

Nilitembea. Sikusikia honi. Nilipofika pale kwenye nyasi, palipokuwa na kiwanja, nilikata kushoto, nikazunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, na nikasikia magurudumu nyuma yangu nayo yakikata kushoto, polepole, yakizunguka.