Ndege Mwenye Upara wa Kule Lufingo

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Miaka minne nimejificha nyuma ya migomba kila mzee huyo anapopita, na sifa zangu za heshima zimefika hadi kanisani. Nimeziharibu Jumamosi moja tu.

Mimi ni mtu wa kukaa jikoni, hasa mwezi wa saba, baridi ikikamata. Lakini wifi yangu anapenda kutazama ndege, akanikokota mimi na mbwa wetu hadi kilimani Lufingo, akanivika darubini. Ukungu ulikuwa mzito, na vioo nilishavipulizia pumzi mwenyewe.

"Wifi! Kuna ndege mkubwa kwenye shamba la chai!" nikapiga kelele. "Mweusi, amejikunyata, shingo nyekundu!"

"Usimwondolee macho! Kichwa chake je?"

"Upara mtupu! Sasa anajikuna. Maskini, amezeeka vibaya!"

Mbwa akachomoka, akaenda kumlamba. Ndege akasimama: koti jeusi, skafu nyekundu, kofia mkononi. Baba mkwe! Kwa mila hasemi nami, kwa hiyo akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, hebu muulize mwenzako kama ameshamaliza kunitazama, nivae kofia."