Kuku Bila Noeli

Leo mi, mwenye nilifukuza kiboko na sandale moja kule Uvira, nimeogopa sahani.

Natoka kuuza viatu kwa soko ya Mchesi, njaa inanimaliza. Naingia nyumbani hapa kambi ya Dzaleka: batoto kimya, maji ya kunawa iko moto, na pembeni ya bugali iko kuku.

Kuku! Na si Noeli.

Nikajua kuna kitu imevunjika. Nikakimbilia radio yangu. Iko nzima. Nikachungulia chini ya kitanda. Hakuna mtu.

"Mama Neema, nani amekufa?"

"Hakuna. Kula, papa."

"Bon. Neema ameposwa?"

Bibi yangu akacheka mpaka akashika ukuta. "We mzee! Tangu mguu uniume, unachota maji kila asubuhi, na haujajisifu hata kwa jirani. Njo maana tunakushukuru."

Nikavuta sahani karibu. Mi, kukosa kujisifu!

Kweli sikusema. Niliogopa banaume watanicheka na ndoo yangu. Sasa nimesema, mucheke. Kesho nachota tena.

Nimekula na bantu yangu, nimeshiba, Mungu asifiwe.

Ila sikuuliza kuku ilitoka wapi. Jirani wa pale kwa bomba, jogoo yako iko? Jibu hapa chini haraka.